Kisu na Aliyekifua

Nimeomba nafasi hii nizungumzie jambo ninalolipenda tangu utotoni, jambo ambalo baadhi ya watu wakilisikia hukunja uso. Napenda visu. Nimevikusanya maisha yangu yote, na kisu kidogo cha kukunja huwa mfukoni mwangu kila ninapokwenda shambani au safari ya vijijini. Wanaokunja uso nawaelewa. Kisu hutajwa kwenye habari pale kilipomwaga damu. Siku nyingine zote, kinapomenya mihogo, kinapomkatia mbuzi kamba iliyomnasa, kinapotenga kitovu cha mtoto na mama yake, hakuna anayekitaja. Jioni ya leo nataka nizisemee siku hizo nyingine.

Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, kwenye machungwa na minazi. Huko mtoto hukijua kisu kabla ya kalamu. Simama stendi ya basi umtazame mmenyaji wa machungwa. Mkono wa kushoto unalizungusha chungwa, kisu kimetulia mkono wa kulia, na ganda linashuka kama utepe mmoja mrefu usiokatika. Ule utando mweupe unabaki mzima ili maji yasichuruzike hadi mnunuzi atakapokatiwa juu na kufyonza. Kisu chake alikinunua kikiwa na bapa pana. Kimenolewa mpaka kimelika, kimebaki chembamba kuliko kidole. Mpe kipya uone kama atakubali kubadilishana. Hakubali. Kile chembamba kimeshakaa na mkono wake, kinajua wapi pa kupita.

Au mtazame mgema. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, anafika kileleni na kukata ncha ya karara, kipande chembamba kabisa, kisha anafunga kibuyu chake. Kotama ikiwa butu, karara inapondeka badala ya kukatwa, na iliyopondeka haitoi tembo inavyopaswa. Kwa hiyo kabla ya mnazi kuna jiwe la kunolea, kila siku, bila kuruka. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi ya mgema ni kupanda. Mjomba wangu, aliyeifanya kazi hiyo mpaka magoti yalipochoka, alikuwa akisema kupanda hata nyani anajua.

Kisu changu cha kwanza nilipewa na babu mzaa mama. Mpini wake ni wa mpingo, bapa lake lilifuliwa kutokana na tupa kuukuu, na ukilitega kwenye mwanga bado unaona meno ya ile tupa yakiwa yamefifia. Alinipa pamoja na masharti. Kisifunguliwe mbele ya mtu mliyekorofishana. Kisipewe mtu kwa ncha. Geuza mpini uelekee kwake. Kisilale na uchafu wala unyevu. Akaniambia pia kilifuliwa na nani, mhunzi yupi, kijiji gani, na kwamba mhunzi huyo alilipwa kwa kuku wawili na nazi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwe mkusanyaji. Wapo wanaokusanya visu kwa kung'aa kwake au kwa bei yake. Mimi kisu ambacho hakijulikani kimefuliwa na nani wala kimefanya kazi gani naona nusu yake imepotea.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulizungumza jambo hili kuliko watu wengi duniani, kwa sababu kisu kimeanzia kwetu. Mwaka 2015 watafiti waliochimba Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, walitangaza kuwa wamepata zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3. Ni mawe yaliyogongwa yakabanduka vipande vyenye makali, na yametangulia mabaki ya kale kabisa ya jamii yetu ya watu yanayojulikana mpaka sasa. Oldupai, kule Ngorongoro, Mary Leakey na mumewe Louis walitumia miaka mingi kuchambua zana za aina hiyo za karibu miaka milioni 1.8 iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama. Wataalamu wameiona mifupa hiyo ikiwa na alama za kukatwa. Alama ile ya kukata inanigusa kuliko jiwe lenyewe. Pale palikuwa na mkono, nyama, na bila shaka wenzake waliokuwa wakisubiri fungu lao. Na mpenzi msikilizaji ukipita Isimila karibu na Iringa, shuka kwenye gari. Mashoka ya mawe yaliyochongwa pande mbili yapo, ya kujaa mkono, na hakuna haja ya mtu kukueleza upande wa kushika ni upi.

Chuma kilipokuja, kilipitia njia mbili. Moja ni bahari. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeishi Misri aliandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, nao umesalia hadi leo. Anapoorodhesha bidhaa zinazoletwa pwani yetu, mpaka bandari ya Rhapta, anataja mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemen, mashoka, visu vidogo na vyuma vya kutobolea. Yaani karibu miaka elfu mbili iliyopita kulikuwa na mtu amesimama ufukweni kwetu akijaribu makali ya kisu cha kigeni kwa kidole gumba, huku muuzaji akimsubiri atoe neno.

Njia ya pili ni ya kwetu wenyewe, nayo nataka nikae kidogo hapo, kwa sababu bado nakutana na vijana wanaoamini kwamba chuma tuliletewa tu. Mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu uyeyushaji wa chuma Buhaya, mkoa wa Kagera wa leo. Walichimba matanuri ya kale ya Zama za Chuma, kisha wakawaomba wazee wa Kihaya, waliokuwa wamewaona baba zao wakifanya kazi hiyo au walioifanya ujanani, wajenge tanuri upya. Wazee wale walichoma majani na matete ya kinamasi ndani ya shimo, wakaweka mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya tanuri, na hewa ya mivukuto ikawa inapata moto kwanza ndani ya mabomba kabla ya kugusa mkaa. Hewa ya moto huongeza joto la tanuri, na katika bonge lililotoka kulikuwa na chuma cha pua. Wazee waliiacha kazi hiyo kwa sababu chuma cha Ulaya kiliingia kwa bei rahisi, lakini mikono yao ilikuwa haijasahau.

Hawakuwa peke yao. Ufipa kulikuwa na matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kwa kimo. Katika karne ya 12 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi wana machimbo ya chuma na kinawaingizia mali, na kwamba chuma cha Sofala hupelekwa India. Na Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoichapisha 1969, ameeleza namna ukoo wa Washana, wahunzi, ulivyoshika utawala wa Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua. Fikiria hilo: anayeshika nyundo ndiye anayeshika nchi. Kwa Wamasai ikawa kinyume. Wahunzi wao, Ilkunono, walitengwa, familia nyingine hazikuoa kwao, ingawa hakuna morani aliyeweza kujiita morani bila sime iliyotoka kwenye moto wao. Mimi naiona ile kuwa dhuluma, na sioni sababu ya kuipamba kwa jina la mila.

Sime yenyewe ni kazi nzuri mno. Bapa lake ni jembamba karibu na mpini, linapanuka kuelekea ncha, kwa hiyo uzito umekaa mbele na pigo linajisukuma lenyewe. Mpini umevikwa ngozi, ala ni ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu, na inavaliwa ubavuni kwa mkanda. Leo sime nyingi hutoka kwenye springi za magari. Nimekaa sana kwa mhunzi mmoja upande wa Handeni nikimtazama anavyoigeuza springi ya lori kuwa kisu, na naomba nieleze, maana wengi wananunua tu bila kujua wanachonunua.

Springi ina pua nzuri, ndiyo maana inapinda chini ya mzigo na kurudi. Mhunzi anaikata kipande, anakiingiza kwenye makaa, kijana anapuliza kwa mvukuto au kwa feni kuukuu ya kuzungusha kwa mkono. Kikishakuwa chekundu cha kukaribia rangi ya chungwa anakiweka juu ya fuawe na kupiga. Umbo linakuja taratibu: kwanza mkia wa kuingia kwenye mpini, halafu mgongo, halafu upande wa makali. Anaacha kipoe chenyewe, anapiga tupa. Sasa inakuja hatua inayotenganisha mhunzi na mgonga vyuma. Anakirudisha motoni mpaka joto lifike mahali fulani. Chuma kikifika pale, sumaku haikishiki tena. Yeye hatumii sumaku, anaangalia rangi, na ndiyo sababu kazi hiyo anaifanya kivulini au jua likiwa limeshuka. Kisha anakizamisha kwenye mafuta. Sauti inatoka, moshi unapanda, na kwa muda ule kisu ni kigumu kiasi kwamba kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika vipande. Kwa hiyo anakisugua sehemu moja mpaka ing'ae, anakipasha tena kwa moto mdogo, na anasubiri ile sehemu ing'aayo igeuke rangi ya majani makavu. Ikifika hapo, basi. Ikipita ikawa ya buluu, kisu kitakuwa laini, kitafaa kuchimbua mihogo lakini hakitashika makali ya kuchinjia. Tofauti kati ya rangi hizo mbili ni pumzi chache. Hakuna kipimo ukutani, hakuna saa. Mhunzi akiniambia anadai shilingi kadhaa zaidi ya bei ya kisu cha dukani, mimi namlipa na kumshukuru.

Nikija kwenye jambia, msikilizaji, nazungumzia kisu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvishika, na pia kile kilichonipa kazi ngumu ya kufikiri. Jambia ni kisu cha kupinda, makali pande zote mbili, na mshipa umepita katikati ya bapa. Huvaliwa mbele ya tumbo kwenye mkanda uliodariziwa, na ala yake imepinda zaidi ya kisu chenyewe, imefunikwa fedha iliyosukwa na kuchorwa. Oman imekiweka kwenye bendera yake tangu 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi na desturi zake katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwetu kilikuja na majahazi ya pepo za kaskazi, kikatulia viunoni mwa masultani wa Unguja, na mpaka leo Lamu, Mombasa na visiwani bwana harusi aliyevaa joho na kilemba akitoka bila jambia wazee wataona kuna kilichopungua. Ni kisu kinachovaliwa kisichomolewe. Heshima yake yote iko katika kubaki ndani ya ala.

Lakini mpini wake una historia inayouma. Huko Yemen mpini uliothaminiwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya kifaru. Pembe hiyo haipasuki upesi, na kadiri miaka ya kushikwa na kusuguliwa inavyopita hupata mng'ao wa ndani, mwanga hupenya kidogo. Zamani waliomudu walikuwa wachache. Katika miaka ya 1970 Wayemeni wengi walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia, nchi iliyokuwa imetajirika kwa mafuta, wakarudi na fedha, na kile kilichokuwa cha masheikh kikawa ndoto ya kila kijana. Sana'a ikawa soko kubwa la pembe duniani. Na pembe zilitoka wapi? Zilitoka kwetu. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa wamebaki chini ya 400. Tanzania nasi tulifyekwa Selous na kwingineko. Sehemu nyingine ya pembe ilikwenda Asia ya Mashariki kwa dawa, lakini mpini wa jambia una deni lake.

Aliyeifuatilia biashara hiyo kwa subira kuliko wote ni Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyefanya Nairobi kuwa nyumbani. Alianza kwa kusoma majahazi na mizigo yake, akafika Sana'a tena na tena, akaketi na wafanyabiashara na mafundi wa mipini, akahesabu, akaandika bei. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, na baadaye mafundi walihimizwa watumie pembe za nyati wa maji na mawe ya akiki. Martin aliuawa nyumbani kwake Nairobi Februari 2018. Wakusanyaji wenzangu wa visu tungepaswa kulijua jina lake. Niliwahi kuonyeshwa jambia la zamani la mpini wa pembe, linauzwa na mtu aliyedai halijawahi kutoka katika ukoo wao. Nililishika, nikaliona uzuri wake wote, nikamrudishia. Ninalo moja la mpini wa msandali, na linanitosha. Kukusanya bila kuuliza kitu kimetoka wapi ni kushirikiana na aliyekiiba.

Sasa vile vya mfukoni. Hapa nitapita haraka kidogo, ingawa navyo ninavipenda. Kisu cha kukunja kinachojulikana kuliko vyote duniani ni cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, na baadaye jeshi la nchi yake likapanga kuwapa askari kisu chenye kifungua kopo na bisibisi ya kufungulia bunduki. Oda ya kwanza ilibidi iende Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kuimudu. Elsener aliona aibu kwa niaba ya nchi yake, akawakusanya mafundi wenzake, na mwaka 1891 akakabidhi visu vyake vya kwanza kwa jeshi. Wenzake walimwacha njiani, naye akakaribia kufilisika. Akaendelea, na tarehe 12 Juni 1897 akasajili kile chepesi cha maafisa, babu wa vyote vyekundu mnavyoviona leo. Ufaransa, mkoa wa Savoie, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza kisu cha wakulima: mpini wa mti, bapa, msumari, na baadaye, mwaka 1955, pete ya kuzuia kisijifunge. Hakuna cha kupunguza. Nimekitumia shambani na sijakiona kikilalamika.

Na kuna Okapi. Hiki nacho kilizaliwa Solingen, mwaka 1902, kikatengenezwa kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo. Mnyama ambaye jina lake kilipewa, yule wa misitu ya Ituri, alikuwa ametambulishwa kwa wanasayansi mwaka mmoja tu kabla, 1901. Tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake wa mti una mwezi na nyota za bati, mgongoni kuna springi yenye meno, na ukikifungua kinatoa mlio ambao anayeufahamu hausahau. Huko kusini kimepata sifa mbaya ya ugomvi wa mitaani. Nami nasema wakulima na wachungaji waliokitumia kumenya na kukatia kamba kwa zaidi ya karne moja ni wengi mara elfu kuliko wagomvi.

Kuhusu chuma kisichoshika kutu, kile ambacho Harry Brearley alikipata Sheffield mwaka 1913, ninacho jikoni na kinafaa, hasa pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi. Hata hivyo bapa la chuma cha kawaida hunoleka upesi zaidi, na kutu yake ina dawa: kifute, kikaushe, kipake mafuta ya nazi. Kazi ya dakika moja.

Haya, tuje kwenye kubeba, maana ndipo penye hofu. Kanuni za adhabu za Tanzania na Kenya zinamtia hatiani anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kuwatia watu hofu bila sababu halali. Naiunga mkono sheria hiyo. Inauliza unabebaje na kwa nini, na hayo ndiyo maswali sahihi. Mmasai na sime yake malishoni ana sababu. Muuza madafu na panga lake ana sababu. Kijana aliyeficha kisu kiunoni akielekea mpirani hana, na hata kikiwa kimetengenezwa na fundi bora duniani mimi simwiti mwenzangu. Uingereza, ambako vijana wanauana kwa visu mijini, sheria inaruhusu kubeba kisu kidogo cha kukunja kisicho na kufuli ya bapa, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, na zaidi ya hapo uwe na sababu ya kueleza. Uwanja wa ndege, acha kisu nyumbani au kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Tangu Septemba 2001 hilo halina mjadala, na mtu mzima hagombani na mkaguzi.

Wapo wanaobeba kwa imani. Masingasinga waliokuja kujenga reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901 walikuja na kirpani zao, kisu ambacho Guru Gobind Singh aliwaagiza wafuasi wake wakivae tangu 1699. Ukisafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ukasimama kwenye hekalu lao la Makindu, utapewa chakula bila kuulizwa dini yako wala kabila lako, na huenda anayekupakulia ana kirpani ubavuni. Kwake kisu ni ahadi ya kumlinda mnyonge. Na sisi Waislamu tumefundishwa kwamba anayechinja anoe kisu chake na asimtese mnyama. Kwa hiyo kila inapokaribia Idi ya Kuchinja mimi hupata wageni wengi wanaoniletea visu niwanolee. Wengine huja na kisu kilicholala mwaka mzima, butu kabisa, na nawaambia wazi: ukichinja kwa hiki umemdhulumu mbuzi. Tunakaa barazani, jiwe la kunolea limelowa maji, bapa limeinuliwa kidogo tu, kama unene wa sarafu mbili chini ya mgongo wake, unasukuma kwa utulivu, pande zote mbili kwa usawa. Mtu aliyejifunza kunoa hawezi kuwa na haraka ya kuchomoa.

Kuna habari moja kutoka Kongo nimeipenda kuliko zote nilizosoma. Wakuba wa Kasai humkumbuka mfalme Shyaam wa karne ya 17. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Emil Torday alisimuliwa kwamba mfalme huyo alipiga marufuku shongo, kisu cha kurusha cha vita chenye matawi ya makali, na kwamba wanaume wakabeba ikul, kisu cha amani, ambacho wakati mwingine huchongwa kwa mti mtupu. Sanamu za wafalme wa Wakuba humwonyesha mfalme amekaa, ikul mkono wa kushoto. Wakuba walikuwa wahunzi hodari, hawakukosa chuma. Waliamua tu ni kisu kipi kimfae mtu mwenye heshima kukibeba mbele ya watu.

Vitu hivyo vingi sasa viko Ulaya. Visu vya Kikongo vimejaa kwenye makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, na vya pande zote za Afrika viko Pitt Rivers kule Oxford. Soma kadi iliyo chini yake: utakuta kabila, utakuta jina la Mzungu aliyekichukua na mwaka aliokichukua. Jina la mhunzi mara nyingi hakuna. Mtu aliyeitambua ile rangi ya majani makavu kivulini, aliyezuia pumzi pale chuma kilipoingia kwenye mafuta, hayupo. Hatuwezi tena kumtafuta. Ila wa kwetu walio hai tunaweza, na wazee waliowafahamu waliokufa bado wapo, ingawa kila msimu wanapungua.

Kwa hiyo nina ombi kwenu. Ndani ya wiki hii chukua kisu cha zamani kilichopo nyumbani kwenu, cha bibi cha jikoni, sime ya babu, kotama ya mjomba. Muulize mwenye kumbukumbu: kilifuliwa na nani, wapi, kutokana na chuma gani, kililipiwa nini, kimefanya kazi gani. Andika kwa kalamu kwenye karatasi, karatasi ifungwe pamoja na ala. Na kama mhunzi huyo yu hai na makaa yake bado yanawaka, nenda ukaagize kingine kwake, ulipe bei anayoitaja, na jina lake uliandike nalo.